Jinsi ya kusoma orodha za ubora wa vyuo vikuu, na nini cha kufanya nafasi zinapopanda na kushuka

Mwaka 1999 Caltech, chuo cha sayansi na teknolojia kilichoko California, kiliruka kutoka nafasi ya 9 hadi ya 1 katika orodha ya vyuo vikuu vya Marekani inayotolewa na U.S. News & World Report. Mwaka uliofuata kikawa cha 4. Katika kipindi hicho hakuna kundi la maprofesa lililohama wala maabara iliyoungua. Jarida lilikuwa limebadilisha namna ya kukokotoa fedha ambazo chuo hutumia kwa kila mwanafunzi, na chuo hicho kidogo chenye fedha nyingi kikanufaika.

Kila msimu wa kuomba vyuo unapofika, wanafunzi na wazazi hufungua orodha hizi, wakaona mshale wa kupanda au kushuka pembeni ya jina la chuo, na uamuzi wa miaka kadhaa na wa fedha nyingi ukaegemea hapo. Chuo kikuu hubadilika polepole. Kuajiri walimu wazuri, kupanga upya mitaala na kujenga maabara ni kazi ya miaka. Kwa hiyo nafasi ikiyumba sana ndani ya mwaka mmoja, jiulize ni kipi kati ya vitu vitatu kimesogea: chuo chenyewe, kipimo, au takwimu zilizoingizwa kwenye kipimo. Hatua hizi zitakusaidia kupata jibu ukiwa na kompyuta au simu na saa moja ya utulivu.

Hatua ya 1: Jua unasoma orodha ipi

Watu husema "chuo hiki ni cha 60 duniani" bila kutaja orodha. Sentensi hiyo haijakamilika. Orodha kubwa zinapima vitu tofauti kabisa.

Orodha ya Shanghai, iliyoanza mwaka 2003, inapima utafiti. Asilimia 30 ya alama zake zinatokana na tuzo za Nobel na nishani za Fields (tuzo kubwa ya hisabati) walizopata wahitimu na walimu wa chuo, na sehemu kubwa ya zilizobaki ni makala za kisayansi na watafiti wanaonukuliwa sana. Tuzo iliyotolewa miongo kadhaa iliyopita inaendelea kuchangia, ingawa uzito wake hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Hakuna kigezo hata kimoja kinachoangalia kinachoendelea darasani. Ukitafuta mahali pa kusomea shahada ya kwanza, orodha hii inakwambia machache sana.

QS, kampuni ya Uingereza inayopanga vyuo vya dunia nzima, inategemea sana maoni. Asilimia 30 ya alama ni sifa ya chuo miongoni mwa wasomi, na 15 ni sifa yake kwa waajiri, hivyo karibu nusu ya alama inatoka kwenye dodoso. Times Higher Education, jarida la Uingereza ambalo wengi huliita THE, ilikuwa ikitoa orodha pamoja na QS tangu 2004 hadi 2009, kisha wakaachana. Yenyewe ina sehemu inayoitwa ufundishaji, lakini karibu nusu ya sehemu hiyo nayo ni maoni ya wasomi kuhusu sifa ya chuo. Msomi anayejaza dodoso hajawahi kukaa kwenye ukumbi wa mihadhara wa vyuo vingi anavyovitaja. Anataja majina anayoyajua, na mara nyingi anayajua kwa sababu yamekuwa juu ya orodha miaka yote. Ndiyo maana vyuo vyenye majina makubwa havishuki kirahisi hata vikizembea, na vyuo vinavyochipukia huchelewa kutambuliwa.

U.S. News ilianza mwaka 1983 kwa kuwauliza marais wa vyuo tu. Stanford ikashika namba moja. Baadaye jarida likaongeza takwimu, na sura ya orodha ikabadilika. Hadi leo maoni ya viongozi wa vyuo yanabeba asilimia 20 katika orodha yake ya vyuo vikuu vya Marekani.

Kwa hatua hii fungua ukurasa unaoeleza vigezo. Kila orodha kubwa inao, kwa kawaida chini kabisa ya tovuti. Andika kwenye karatasi vigezo vitatu vyenye uzito mkubwa. Kama hakuna hata kimoja kinachogusa maisha yako ya mwanafunzi, orodha hiyo haikuandikwa kwa ajili yako.

Hatua ya 2: Angalia mwaka

Mwaka ulio kwenye jina la orodha mara nyingi uko mbele ya kalenda. Toleo la U.S. News la 2024 lilitoka Septemba 2023. Takwimu zilizomo ni za nyuma zaidi, na kama zinahusu wanafunzi waliomaliza ndani ya miaka sita, basi wanafunzi hao waliingia chuoni muda mrefu sana uliopita. Unapolinganisha orodha mbili, hakikisha unalinganisha matoleo yaliyotoka kipindi kimoja.

Hatua ya 3: Kabla ya kuamini mshale, tafuta kama kipimo kimebadilika

Hii ndiyo hatua inayofunua mengi kuliko zote, na ndiyo watu wengi wanayoiruka. Tuchukue mfano wa vyuo viwili vya kufikirika. Chuo cha kwanza kina alama 90 za utafiti na 60 za ufundishaji. Cha pili kina 70 za utafiti na 85 za ufundishaji. Orodha ikitoa asilimia 60 kwa utafiti na 40 kwa ufundishaji, cha kwanza kinapata 78 na cha pili 76. Cha kwanza kinaongoza. Mwaka unaofuata waandaaji wanageuza uzito: 40 kwa utafiti, 60 kwa ufundishaji. Sasa cha kwanza kina 72 na cha pili 79. Magazeti yataandika kwamba cha kwanza kimeporomoka. Hakuna mwalimu aliyeondoka, hakuna kitabu kilichoongezwa maktaba, na alama za kila chuo ni zilezile.

Hayo hutokea kweli, tena kwa vyuo vikubwa. Septemba 2023 U.S. News iliondoa vigezo kadhaa kwa mpigo: ukubwa wa madarasa, idadi ya walimu wenye shahada ya juu kabisa katika fani yao, michango ya fedha kutoka kwa wahitimu. Ikaongeza uzito wa jinsi chuo kinavyowafikisha kwenye mahafali wanafunzi wanaotoka familia zenye kipato kidogo. Tulane ikatoka nafasi ya 44 hadi ya 73. Wake Forest ikatoka 29 hadi 47. Hivyo ni vyuo binafsi vilivyojijengea sifa kwa madarasa madogo, na kigezo kilichokuwa kikivibeba kikatoweka. Vyuo vingi vya umma vikapanda mwaka huohuo. Kwangu mimi mabadiliko hayo kwa sehemu yalikuwa ya haki, kwa sababu kuwavusha wanafunzi wasio na fedha ni kazi kubwa ya chuo. Lakini kuondoa ukubwa wa madarasa kuliwanyima wasomaji jambo wanalolihitaji hasa. Mwanafunzi aliyekuwa akiitaka Wake Forest kwa sababu ya madarasa madogo alikuwa bado anayapata yaleyale.

Mwaka huohuo QS nayo ilipunguza uzito wa sifa ya kitaaluma kutoka asilimia 40 hadi 30, ikapunguza kwa nusu uwiano wa walimu na wanafunzi, na ikaingiza vigezo vipya vitatu: utunzaji wa mazingira na maendeleo endelevu, ajira za wahitimu, na mtandao wa utafiti wa kimataifa. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kikapanda kutoka 27 hadi 10. Ukiambiwa kwamba Berkeley iliboreka kwa nafasi 17 ndani ya miezi 12, usiamini.

Wakati mwingine uzito haubadiliki ila maana ya kitu kinachohesabiwa inabadilika. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Malaya, Malaysia, kilishika nafasi ya 89 katika orodha ya THE na QS, na kikajitangaza kwa fahari. Mwaka 2005 kikaanguka hadi 169, na mjadala mkali ukazuka nchini humo. Chanzo kilikuwa kwamba mwaka wa kwanza raia wa Malaysia wenye asili ya China na India walihesabiwa kama wageni, hivyo chuo kikapata alama nyingi za kimataifa. Kosa liliporekebishwa, alama zikaondoka. Kilikuwa chuo kilekile wakati wa furaha na wakati wa lawama.

Kwa hiyo fanya hivi: andika kwenye kitafutio jina la orodha, mwaka, na maneno "mabadiliko ya vigezo" kwa lugha ambayo orodha inatumia. Ukikuta kipimo kilibadilika mwaka ambao chuo chako kilipanda au kushuka, piga mstari mwekundu kwenye mwaka huo. Usilinganishe nafasi za kabla ya mstari na za baada yake.

Hatua ya 4: Soma alama kabla ya nafasi

Nafasi huficha umbali. Chuo cha 3 na cha 4 vinaweza kutofautiana kwa alama 5, wakati cha 103 na cha 128 wanatofautishwa na sehemu ndogo ya alama moja. Katikati ya orodha vyuo vimesongamana, na takwimu moja ikisogea kidogo inaweza kukirusha chuo nafasi 20. Waandaaji wenyewe wanalijua hili: orodha ya Shanghai haitoi nafasi kamili baada ya chuo cha 100, na THE inaacha baada ya cha 200. Wanaandika makundi, kwa mfano 201 hadi 250.

Fuata utaratibu huohuo kwa orodha nzima, hata pale waandaaji wanapotoa namba moja moja. Gawa vyuo kwa makundi ya kumi kumi juu, na hamsini hamsini chini. Vyuo vilivyo kundi moja vichukulie kuwa sawa mpaka upate sababu nyingine ya kuvitofautisha.

Hatua ya 5: Uliza takwimu zimetoka wapi

Sehemu ya takwimu hutolewa na vyuo vyenyewe. Waandaaji wana njia za kukagua, lakini hawawezi kuhesabu viti katika kila darasa.

Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kilifika nafasi ya 2 katika U.S. News, baada ya kuwa cha 18 mwaka 1988. Februari 2022 mwalimu wa hisabati wa chuo hichohicho, Michael Thaddeus, alichapisha uchambuzi wake. Chuo kilikuwa kimeripoti kwamba asilimia 82.5 ya madarasa yake yana wanafunzi chini ya 20. Thaddeus alikaa na ratiba ya masomo iliyokuwa wazi kwa kila mtu, akahesabu darasa kwa darasa, akapata kati ya asilimia 62.7 na 66.9. Chuo kikakiri kwamba baadhi ya takwimu zake hazikuwa sahihi. Septemba mwaka huo kikatokea nafasi ya 18. Mwaka 2023 kikatangaza kwamba hakitapeleka tena takwimu za shahada ya kwanza.

Yapo mabaya zaidi. Shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia, ilipeleka takwimu za uongo kwa miaka kadhaa, na programu yake ya uzamili kwa njia ya mtandao ikawa namba moja mara kwa mara. Aliyekuwa mkuu wa shule hiyo alitiwa hatiani na mahakama mwaka 2021, na mwaka 2022 akahukumiwa kifungo cha miezi 14 na faini ya dola 250,000. Wanafunzi walikuwa wameshalipa ada wakiamini wanajiunga na programu bora kuliko zote.

Takwimu pia zinaweza kupotosha bila mtu kuchakachua chochote. Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Alexandria, Misri, kilitokea nafasi ya 147 katika THE, na kwa ushawishi wa utafiti, yaani jinsi makala zake zinavyonukuliwa, kikawa cha 4 duniani, mbele ya Harvard na Stanford. Alama hizo zilitokana kwa kiasi kikubwa na mtafiti mmoja aliyechapisha makala nyingi katika jarida ambalo yeye mwenyewe alikuwa mhariri wake. Mwaka uliofuata chuo hakikuwamo katika 200 vya juu.

Kuna pia eneo la katikati, ambapo chuo hakidanganyi ila kinajipanga kwa ajili ya kipimo. Chuo Kikuu cha Northeastern, Boston, kilikuwa cha 162 katika U.S. News mwaka 1996. Rais wake mpya wakati huo, Richard Freeland, akaweka lengo la kuingia 100 bora. Orodha ilitoa alama kwa madarasa yenye wanafunzi chini ya 20, na madarasa mengi yakawekewa kikomo cha 19. Kufikia 2013 chuo kilikuwa kimeingia 50 bora. Mengine yaliyofanyika yalikuwa mazuri ya kweli: walimu waliongezwa, mabweni yakajengwa, wanafunzi wengi zaidi wakamaliza masomo. Sisemi ni chuo kibaya, hata kidogo. Ila ukiona chuo kinapanda kwa kasi, tafuta kujua ni kigezo gani hasa kilikipandisha.

Hapa kuna jambo la kufanya mwenyewe, na halihitaji utaalamu. Chagua kigezo kimoja ambacho chuo kinajivunia, kisha kitafute mahali pengine. Kwa vyuo vya Marekani, vingi huchapisha hati ya takwimu zao iitwayo Common Data Set, na wizara ya elimu ya nchi hiyo ina tovuti ya College Scorecard, yenye takwimu za kumaliza masomo, madeni na kipato cha wahitimu. Kwingineko angalia ripoti za mamlaka ya ithibati au ofisi ya takwimu za elimu ya nchi husika. Namba mbili zikigongana, mwandikie chuo uulize.

Kumbuka pia nani anapata fedha. Orodha nyingi zinasomwa bure, lakini wanaoziandaa ni kampuni. QS inauza nyota za ubora ambazo chuo hulipia kutathminiwa, THE inauza ushauri na uchambuzi wa takwimu, na U.S. News inauza leseni ya kutumia nembo zake kwenye matangazo. Biashara hiyo ni halali na hufanyika wazi. Mabango ya "tumeshika nafasi ya kwanza" yasome ukijua hilo.

Hatua ya 6: Chora miaka kumi

Chukua chuo kimoja na orodha moja. Andika nafasi zake za miaka kumi kwenye mstari, na ile mistari myekundu ya hatua ya 3. Kuna picha tatu utakazoona. Mstari unaoyumbayumba ndani ya nafasi chache ni kelele tu, uuone kama umenyooka. Mstari unaoruka ghafla mahali penye alama nyekundu ni kipimo kilichobadilika. Mstari unaopanda au kushuka kidogo kidogo kwa miaka mingi, na unaofanana na ule wa orodha nyingine yenye vigezo tofauti, huo ndio unaostahili kukushughulisha. Hapo soma habari za chuo: bajeti imekatwa? Idara zinafungwa? Wanafunzi wameongezeka kuliko walimu?

Hatua ya 7: Chuo kisipoonekana

Usikifute. Reed College, Oregon, ilikataa kupeleka takwimu kwa U.S. News mwaka 1995 na ikajikuta imetupwa kundi la chini kabisa. Chuo Kikuu cha Utrecht kilijiondoa THE mwaka 2023 na cha Zurich kikafuata 2024, vyote viwili kwa hoja kwamba mashindano ya namba yanaharibu kazi ya chuo. Shule za sheria za Yale na Harvard ziliacha kushirikiana na U.S. News Novemba 2022.

Hatua ya 8: Shuka hadi kwenye idara na kwenye mfuko wako

Baada ya yote hayo, orodha zina faida gani? Zinafaa kwa kugundua majina usiyoyajua, na kwa mwanafunzi wa uzamivu orodha za utafiti katika fani yake zina uzito. Kwa shahada ya kwanza, swali kubwa ni kama nafasi ya chuo itabadilisha maisha yako baadaye. Wachumi Stacy Dale na Alan Krueger walilichunguza swali hilo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, wakiwafuata wanafunzi wa Marekani walioingia vyuoni mwaka 1976. Walilinganisha wanafunzi walioomba na kukubaliwa na vyuo vinavyofanana, baadhi wakaenda kwenye vyuo vigumu zaidi kuingia na wengine hawakwenda. Kwa jumla vipato vyao havikutofautiana sana. Waliofaidika wazi na chuo chenye ushindani mkubwa walikuwa wale wa familia zenye kipato kidogo. Kwa hiyo ukitoka familia ya namna hiyo na chuo kikubwa kimekukubali na kukupa ufadhili, usijinyime nafasi hiyo kwa sababu ya maneno yangu hapo juu.

Kwa wengine wote, andika vyuo vitano au sita, kisha iandikie kila idara unayotaka kusoma. Ujumbe uwe mfupi: "Ninaomba kujiunga na programu yenu. Naomba kujua: kati ya wanafunzi walioanza pamoja, ni wangapi humaliza ndani ya muda uliopangwa? Masomo ya mwaka wa kwanza hufundishwa na maprofesa, au na wanafunzi wa uzamili? Darasa la kawaida la mwaka wa pili lina wanafunzi wangapi? Wahitimu wa mwaka jana wako wapi sasa?" Waulize maswali hayohayo wanafunzi wawili walioko chuoni. Majibu yao na ya idara yakipishana, waamini zaidi wanafunzi.

Hakikisha programu yenyewe, na si chuo tu, ina ithibati inayotambulika mahali unapotaka kufanya kazi. Kwa udaktari, uhandisi na sheria hili linaweza kukufungia milango moja kwa moja. Kisha piga hesabu ya gharama halisi, yaani ada na matumizi ukitoa ufadhili, kwa miaka yote ya masomo. Vyuo viwili vikikaribiana kwa majibu, mimi ningemshauri mtu achague chenye deni dogo hata kama kiko nafasi 40 chini. Na barua ya ufadhili ikifika, isome uone kama kiasi kilichoandikwa ni cha mwaka wa kwanza pekee au cha miaka yote, na ni wastani gani wa alama unaotakiwa ili kiendelee, kabla hujalipa fedha za kuthibitisha nafasi.